Tuanze na Maneno Yenyewe: Malezi ya Mtafiti wa Ukalimani na Mazungumzo ya Wahamaji

Utangulizi

Katika makala haya nakusudia kutetea jambo moja: kwamba mwanachuo asomeaye shahada ya uzamivu katika ukalimani na mazungumzo ya wahamaji hana budi kufundishwa kwanza kunukuu maneno ya watu kama yalivyosemwa, katika lugha ile ile yaliyosemewa, kabla ya kufundishwa nadharia za kuyaeleza. Nasema hivyo kwa sababu desturi iliyozoeleka ni kinyume chake. Mwanachuo hutakiwa kwanza aandike pendekezo la utafiti, achague nadharia, akusanye maoni ya wataalamu waliotangulia. Kisha, muda ukiwa umekwisha kupungua, ndipo ashike kinasa sauti aende kutafuta mifano ya kuithibitisha nadharia yake. Na mara nyingi mifano hiyo hufika mezani ikiwa imekwisha kugeuzwa kuwa Kiingereza au Kifaransa. Maneno ya asili hayaonekani tena popote katika tasnifu.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili linawahusu nini walimu wa vyuo vya ualimu? Linawahusu kwa njia mbili. Kwanza, watu waendao kusomea uzamivu wa lugha hupitia mikononi mwa walimu. Mazoea yao ya kusikiliza, au ya kutosikiliza, wameyapata darasani kwetu. Pili, swali lililo mbele yetu ni swali la mbinu za kufundisha: je, ujuzi huanza na kanuni, au huanza na kitu chenyewe ambacho kanuni hujaribu kukieleza? Swali hili tunakutana nalo tunapofundisha hesabu, sarufi na sayansi. Katika utafiti wa wahamaji linakuwa zito zaidi, kwa sababu neno likipotea njiani, anayelipa si mwanachuo wala mwalimu wake. Anayelipa ni mtu mwingine kabisa.

Ukalimani wa aina mbili

Mtu akisikia neno mkalimani, aghalabu humfikiria yule aketiye katika kibanda cha kioo, visikizi masikioni, akiifuata hotuba ya mjumbe wa mkutano. Sura hiyo ilienea duniani baada ya kesi ya Nuremberg, iliyofunguliwa Novemba 1945, ambamo Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani zilikalimaniwa papo kwa papo kwa msaada wa mitambo. Kisha vikafuata vyuo vya kuwafunza wakalimani wa mikutano, na baada ya vyuo ukafuata utafiti. Mwaka 1974 Danica Seleskovitch alianzisha huko Paris mafunzo ya udaktari katika uwanja huu. Maswali ya utafiti wa siku zile yaliielekea zaidi akili ya mkalimani: anakumbukaje, na anawezaje kuliacha umbo la neno akashika maana yake?

Lakini upo ukalimani wa pili, ulio mkongwe kuliko ule wa vibanda. Huu ni ukalimani wa mazungumzo: watu watatu chumbani, yaani ofisa au mganga upande mmoja, mgeni upande wa pili, na mkalimani katikati yao. Hufanyika hospitalini, katika vituo vya polisi, mahakamani na katika ofisi za uhamiaji. Kwa muda mrefu wataalamu waliudharau, wakiuona ni kazi ya mtu yeyote ajuaye lugha mbili. Hata mtoto wa mgeni aliweza kuitwa amkalimanie mama yake mbele ya daktari. Nchi iliyowahi kuutilia maanani ni Sweden, ambayo tangu mwaka 1976 imekuwa ikiwatahini wakalimani wa namna hii na kuwapa idhini ya serikali.

Ni huko Sweden ilikotoka tasnifu iliyobadili mwelekeo wa somo zima. Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Linköping, Cecilia Wadensjö aliwasilisha tasnifu ya udaktari juu ya ukalimani wa Kiswidi na Kirusi katika mahojiano ya uhamiaji na katika huduma za afya. Kitabu chake juu ya jambo hilo hilo kilitoka mwaka 1998. Alionyesha kwamba mkalimani wa mazungumzo hafanyi kazi moja bali mbili. Hupeleka maneno kutoka upande mmoja hadi wa pili, na wakati huo huo huyaongoza mazungumzo yenyewe: huamua ni lini mtu akatizwe, huomba jambo lifafanuliwe, huongeza, hupunguza, na mara nyingine hunyamaza pale ambapo mtu amesema.

Yafaa tuangalie jinsi alivyolifikia jambo hilo. Lau angaliwauliza wakalimani wanafanya nini, huenda wangalimjibu kama kanuni zao ziwafundishavyo, kwamba wao hutafsiri tu, hawaongezi wala hawapunguzi. Yeye alinasa mazungumzo halisi, akayanukuu, akayapanga mstari kwa mstari: hapa ni neno la ofisa, hapa ni neno la mkalimani, hapa ni jibu la mgeni. Njia ya kunukuu kwa uangalifu wa namna hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa na wanasosholojia wa Marekani. Makala mashuhuri ya Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson, yaliyotoka mwaka 1974, yalionyesha kwamba hata kupokezana zamu katika mazungumzo ya kawaida kuna utaratibu. Utaratibu huo haukubuniwa mezani. Ulionekana katika kanda zilizosikilizwa tena na tena.

Funzo la Arusha

Hatuna haja ya kwenda Ulaya ili kuona kwa nini maneno ya asili yana thamani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ikaweka makao yake mjini Arusha, na ikafungwa Desemba 31, 2015. Lugha zake rasmi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, hali mashahidi wengi walisema Kinyarwanda. Septemba 2, 1998, mahakama hiyo ilitoa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa komuni ya Taba. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Katika hukumu hiyo majaji hawakuificha shida ya lugha. Walieleza kwamba maneno ya shahidi yalitoka kwa Kinyarwanda, yakaingia kwanza katika Kifaransa, na kutoka Kifaransa ndipo yakaingia katika Kiingereza. Na kwamba safari hiyo ilikuwa na hatari iliyo wazi ya kupotosha maana. Kwa hiyo waliutegemea ushahidi wa mtaalamu wa isimu, Dakta Mathias Ruzindana wa Chuo Kikuu cha Rwanda, na kuwauliza pia wakalimani wa mahakama wenyewe.

Mfano mmoja unatutosha. Mashahidi walipoeleza ukatili waliotendewa wanawake, walitumia maneno manne kwa kubadilishana: gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu. Wakalimani waliyapeleka yote manne kwa neno moja, nalo ni kubaka. Majaji walitaka kujua kama ni sawa kufanya hivyo. Walielezwa kwamba maneno hayo hayana maana moja: kuryamana, kwa mfano, ni kulala pamoja, na gufata ku ngufu, ambamo msomaji wa Kiswahili atalitambua neno letu nguvu, ni kuchukua kitu chochote kwa nguvu, na pia ni kubaka. Kwa hiyo iliwapasa kulitazama kila neno katika mahali pake: ni nani aliyesema, juu ya tendo gani, akijibu swali gani. Jambo hili halikuwa dogo, kwa maana hukumu hiyo ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa iliyouhesabu ubakaji kuwa miongoni mwa matendo ya mauaji ya kimbari. Asomaye nakala ya Kiingereza peke yake huona neno moja. Aliyekuwa akisikiliza Kinyarwanda alisikia maneno manne.

Majaji waliona jambo la pili. Mashahidi wengi walisimulia mambo waliyoyaona kwa macho pamoja na yale waliyoambiwa na wengine, bila kuyatenga. Lakini walipoulizwa waziwazi, waliweza kuyatenga. Hukumu ililieleza jambo hilo kuwa ni tabia ya utamaduni wa masimulizi ya mdomo. Hapa ndipo kazi ya mtafiti wa uzamivu inapoanza. Neno utamaduni ni jepesi kulitamka, ila halitoshelezi. Mtafiti aliye na nukuu kamili atauliza: swali liliulizwaje? Lilipita katika lugha ngapi kabla ya kumfikia shahidi? Je, lilipomfikia, lilikuwa bado linauliza aliyoyaona, au lilikuwa limekwisha kuwa swali la kumtaka asimulie yaliyotokea? Maswali haya hayawezi kujibiwa kwa nadharia, hata iwe nzuri namna gani. Hujibiwa kwa kurudi kwenye kanda.

Mwomba hifadhi na faili lake

Sasa tumwangalie mhamaji ambaye mambo yake hayafiki mbele ya majaji wa kimataifa, bali mbele ya ofisa mmoja katika ofisi ndogo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 unamtaja mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu yenye msingi ya kuteswa. Hofu haina cheti. Mtu aliyekimbia usiku aghalabu hana karatasi yoyote mkononi. Ushahidi wake ni maneno yake. Anasimulia, mkalimani anakalimani, ofisa anaandika. Kinachobaki katika faili ni maandishi ya ofisa, kwa lugha ya ofisa. Faili hilo ndilo litakalosomwa na kila atakayeamua baadaye kama mtu huyu abaki au arudishwe.

Wataalamu wa Ubelgiji wameichunguza hali hii kwa undani. Katrijn Maryns, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya lugha katika maombi ya hifadhi nchini humo, alionyesha jinsi masimulizi ya watu wanaochanganya lugha mbalimbali yanavyopunguzwa na kunyooshwa mpaka yakawa taarifa ya ofisi. Jan Blommaert, aliyefariki mwaka 2021, na ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili wanamkumbuka kwa kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya itikadi na lugha nchini Tanzania, aliandika mwaka 2009 habari za mwomba hifadhi huko Uingereza aliyesema kwamba yeye ni Mnyarwanda. Maofisa walikataa kwa kuwa alijua Kinyankole, lugha ya Uganda. Blommaert alionyesha kwamba maisha ya kijana huyo yalikuwa yamempitisha katika nchi na lugha mbalimbali, na kwamba maofisa walikuwa wakipima ukweli wa mtu kwa ramani ambayo ndani yake kila nchi ina lugha yake na kila mtu hukaa mahali pamoja. Mapema, katika mwaka 2004, kundi la wanaisimu 19 lilikuwa limekwisha kutoa mwongozo wa kuzionya serikali zisiamue uraia wa mtu kwa lugha yake bila uangalifu wa kitaalamu.

Tuchukue mifano ya Kiswahili chenyewe, niliyoitunga ili kuonyesha hatari ilipo. Mwomba hifadhi anasema, "Ndugu yangu aliuawa." Mkalimani anasema kaka. Baadaye mtu huyo anaeleza kwamba marehemu alikuwa mtoto wa mjomba wake. Kwa Mswahili hapana ugomvi wowote kati ya maneno haya mawili. Katika faili ofisa anaandika kwamba mwombaji amejipinga. Au mtu anasema, "Walikuja saa mbili usiku." Kwetu hiyo ni saa ambayo watu hawajalala, mkalimani aliyechoka akisema saa mbili kwa hesabu ya Kizungu, wavamizi wamehamishwa mpaka katikati ya usiku wa manane, na jirani aliyeshuhudia akiwa nje ya nyumba yake anaonekana mwongo. Au mtu anasema, "Mwenzangu alibaki nyuma, sijui kama yu hai." Kiswahili hakisemi kama mwenzake ni mwanamume au mwanamke, lakini Kiingereza kinamlazimisha mkalimani achague, na akikosea, kosa hilo linaandikwa kwa jina la mwombaji.

Zaidi ya hayo, neno Kiswahili katika fomu ya ofisi huficha lugha zenye tofauti kubwa. Mtu wa Kivu asemapo "batu balikuya" anasema kile tusemacho sisi "watu walikuja". Mkalimani aliyezaliwa Pwani anaweza kuelewa hilo. Lakini masimulizi ya saa mbili si maneno mawili, na penye hofu na machozi mtu hurudia usemi wa nyumbani kwake. Wakimbizi wa Kongo waliofika katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu mwaka 1996 walikuja na Kiswahili chao. Hilo lapasa kumkumbusha kila mtafiti kwamba kujua Kiswahili sanifu hakumfanyi mtu ajue Kiswahili cha kila aliye mbele yake.

Basi mtafiti anayelichukua faili lililoandikwa kwa Kiingereza, akalichambua kwa nadharia ya kisasa, atagundua nini? Atagundua migongano. Ataandika sura nzima juu ya jinsi wakimbizi wanavyojijengea nafsi kwa masimulizi yasiyoshikamana. Lakini migongano hiyo huenda ilizaliwa katika ukalimani, wala haimo katika masimulizi. Kwa njia hii mtafiti humnyamazisha mkimbizi mara ya pili: mara ya kwanza alinyamazishwa na ofisi, mara ya pili na chuo kikuu.

Mpango ninaoupendekeza

Napendekeza kwamba mafunzo ya uzamivu katika uwanja huu yapangwe kwa kufuata mambo matano.

(1) Mwaka wa kwanza uwe wa kunukuu. Mwanachuo apewe kanda chache, fupi, za mazungumzo halisi yenye ukalimani, azinukuu zote: maneno, kurudiarudia, kusita, kuingiliana, vicheko, kimya na urefu wake. Chini ya kila mstari wa lugha asilia aandike maana ya neno kwa neno, na chini ya huo aandike tafsiri. Kazi hii ni ya kuchosha. Saa moja ya kanda hudai siku nyingi za kuketi. Lakini humfundisha mtu jambo lisilofundishika kwa hotuba, yaani kwamba alilodhani amelisikia mara ya kwanza silo lililosemwa.

(2) Mtafiti akalimani mwenyewe. Simtaki awe mkalimani wa kulipwa, ila aketi mara kadhaa kati ya watu wawili, katika mazungumzo ya mazoezi, akalimani mpaka kumbukumbu yake imchoke. Asiyepata kuonja shida ya kubeba sentensi ndefu ya mtu anayelia hapaswi kuwa mwepesi wa kumhukumu mkalimani kwamba aliacha neno.

(3) Kiwepo kikao cha kusikiliza pamoja. Kila juma wanachuo, msimamizi wao, mkalimani mzoefu, na mtu azungumzaye lahaja inayohusika waketi wasikilize kipande cha dakika chache. Kila mmoja aseme anachokisikia, na asitaje jambo lolote asiloweza kulionyesha katika kanda. Katika kikao cha namna hii profesa na mzee wa kijiji wana haki sawa, na mara nyingi mzee ndiye atakayesahihisha.

(4) Adabu ya utafiti ifundishwe kama ujuzi, isiwe ni sahihi juu ya fomu. Mkimbizi anapoombwa ruhusa na mtu mwenye karatasi na kalamu, si rahisi atenge mtafiti na ofisa. Anaweza kukubali kwa kudhani kwamba akikataa atanyimwa hifadhi, au kwamba akikubali atasaidiwa. Mwanachuo afundishwe kueleza, kwa lugha ya mtu huyo, kwamba utafiti hauna nguvu juu ya maombi yake. Kwamba anaweza kukataa leo au kujitoa kesho. Kwamba jina lake, kijiji chake na kila alama ya kumtambulisha zitaondolewa. Na kwamba kanda itafungiwa mahali salama. Maelezo haya yafanyiwe mazoezi na kutahiniwa, kama vile mwalimu mwanafunzi anavyotahiniwa kwa somo lake la vitendo.

(5) Tasnifu ibebe maneno ya asili. Kila kipande kinachochambuliwa kiandikwe kwanza kwa lugha kilichosemewa, tafsiri ifuate. Na katika jopo la watahini awemo angalau mmoja anayeijua lugha hiyo vizuri, aweze kusema: hapa mtahiniwa amesikia vibaya.

Hoja za wapinzani

Najua mpango huu utapingwa. Wa kwanza watasema kwamba muda hautoshi: uzamivu una miaka michache, na fedha za masomo zina mwisho. Nakubali kwamba muda ni mfupi. Lakini muda unaotumiwa kurekebisha pendekezo la utafiti lililoandikwa kabla ya kusikia sauti ya mtu hata mmoja nao ni muda. Mwanachuo aliyenukuu mwaka mzima huandika pendekezo lake akijua anachokitafuta.

Wa pili watasema kwamba asiye na nadharia hajui asikilize nini. Hoja hii ina uzito, wala siwafukuzi wenye nadharia. Nataka zije mahali pake, katika mwaka wa pili, zikutane na mtu aliye na maswali yake tayari. Kazi za Wadensjö na za wale watatu wa mwaka 1974 zinasomwa hata leo kwa sababu nadharia zao zilitoka katika mazungumzo. Zikifundishwa kama kanuni za kukariri, zinageuzwa kuwa kinyume cha zilivyo.

Wa tatu watasema kwamba siku hizi zipo programu za kompyuta ziandikazo sauti zenyewe. Zipo, na zinaweza kupunguza uchovu. Ila programu hizo zimezoea lugha zenye maandishi mengi, na mara nyingi husafisha usemi: husita kwa mtu hufutwa, neno lililokatika huunganishwa, na neno la Kivu huweza kugeuzwa kuwa la Pwani. Yaani hufanya kazi ile ile ya ofisa. Mwanachuo aliyekwisha kuzoezwa masikio anaweza kuisahihisha programu, asiyezoezwa ataiamini.

Wa nne, na hao ndio wenye hoja ngumu zaidi, watasema kwamba wasimamizi wengi hawazijui lugha za wahamaji. Ni kweli. Mafunzo mengi ya uzamivu wa uwanja huu yako Ulaya, na lugha zinazochunguzwa zinatoka kwingine. Dawa yake ni usimamizi wa watu wawili: mmoja wa nadharia na mbinu, mwingine wa lugha, naye atoke Dar es Salaam, Nairobi, Kigali au Bukavu, mwenye cheo sawa na mwenzake, wala asiwe msaidizi wa kutafsiri. Hapa pana nafasi kubwa kwa wanavyuo wetu. Jumuiya ya SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi Agosti 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi Februari 2022. Tumeyashangilia mambo hayo, na tunatayarisha wakalimani wa mikutano. Ni vyema. Lakini wakuu wa nchi wana wakalimani wengi wa kuwasikiliza. Mama wa Kivu aliye mbele ya ofisa wa uhamiaji ana mmoja tu, na hakuna anayekagua alichokisema.

Hitimisho

Katika Kiswahili cha asili mzamivu ni mtu azamaye baharini kutafuta kilicho chini. Hakuna mzamivu anayejifunza kazi yake akiwa ufukoni kwa kusoma vitabu juu ya kina cha maji. Tulipoichagua shahada ya juu kabisa tukaiita uzamivu, tulikuwa tumesema, pengine bila kukusudia, jinsi inavyopaswa kufundishwa.

Nasi katika vyuo vya ualimu tunaweza kuanza sasa, bila kungoja vyuo vikuu. Kila mwanachuo wa lugha apewe zoezi moja katika muhula: anase, kwa ruhusa ya wahusika, dakika kumi za mazungumzo ya kawaida, kama vile wazee wakijadili bei ya mazao au mama wawili wakielezana njia ya kwenda zahanati, aandike kila kitu kama kilivyosemwa, kisha aandike muhtasari wa nusu ukurasa, kwa Kiswahili sanifu, kama ofisa anavyoandika. Darasa liyalinganishe maandishi hayo mawili, mstari kwa mstari, liulize: ni nini kilichopotea, nani alikipoteza, na ingekuwaje kama maisha ya mtu yangekuwa yakitegemea kipande hicho? Zoezi hili halihitaji gharama kubwa. Simu ya mkononi na daftari vyatosha. Mwalimu asisahihishe sarufi ya wazungumzaji, bali asahihishe usikivu wa mwanachuo.

Wachache kati ya wanachuo hao watafika kwenye uzamivu. Wengi watakuwa walimu, makarani, mahakimu na maofisa, na baadhi yao ndio watakaoketi nyuma ya meza siku mkimbizi aletwapo mbele yao. Wote wawe wamejifunza mapema kwamba kabla ya kuandika "mwombaji amejipinga", mtu hurudi nyuma akauliza neno lilikuwa lipi.